Msimu wa Kumpanda Ngamia

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa Ngamia. Ndivyo tunavyoiita mashine ya kunyunyizia nyasi dawa hapa klabu ya gofu, kwa sababu ya tangi lake lililotuna nyuma ya kiti. Dereva wa zamani aliacha kazi wiki iliyopita bila kusema sababu, akaacha glavu zake zinaning'inia kwenye msumari. Msimamizi wa viwanja akaangaza macho huku na huku, akaona hakuna mwingine anayejua kuendesha trekta, akaninyooshea kidole.

Msimamizi ni baba mkwe wangu. Wafanyakazi humwita Bwana Majani. Mimi humwita Baba, kazini na nyumbani, maana nyumba tunayokaa amepewa kwa kazi yake: yeye na mkewe, Mama, chumba cha mbele, mimi na binti yangu chumba cha nyuma. Mume wangu yuko mbali anajenga barabara na hupiga simu Jumapili. Kwa hiyo bosi wangu, mwenye nyumba wangu na babu wa mtoto wangu ni mtu mmoja. Akinifokea asubuhi, jioni nampelekea maji ya kunawa.

Jumanne, 5 Machi

Siku nzima mafunzo. Baba anafundisha vizuri, lazima niseme hivyo hata kama sijampenda sana leo. Ovaroli, glavu, miwani, barakoa, buti, na suruali iwe juu ya buti ili dawa isitiririkie ndani. Tia maji kwanza, ndipo dawa, ndipo maji tena. Pima upepo kwa kurusha nyasi kavu. Mbawa mbili za kunyunyizia zikunjue ukiwa umesimama, usizikunjue ukiwa unatembea. Mwendo uwe mmoja, usikimbie na usisite, la sivyo utapiga mistari kwenye majani na kila mcheza gofu atajua jina lako.

"Na mkanda," akasema. "Mkanda wa kiti ufunge hata kama unakwenda hatua tatu." Watu wa bima walikuja mwaka jana wakasema atakayeonekana bila mkanda kazi hana. Baba amelishika neno hilo kwa mikono miwili.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Sikunyunyizia. Nilisafisha nozeli, vile vitundu vinavyotoa dawa, kwa mswaki wa zamani wa binti yangu. Amekasirika kwamba sikumwomba ruhusa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeanza kumpenda Ngamia kidogo. Alfajiri kukiwa hakuna upepo, mbawa zimetanda, ukungu mwembamba wa dawa unashuka chini bila kupeperuka, huwa najiona mtu wa maana. Kisha nafika shimo la saba.

Shimo la saba lina mteremko unaoshuka moja kwa moja hadi bwawani. Nikipita kwa kukata mteremko ubavuni badala ya kupanda na kushuka wima, maji ndani ya tangi yanahamia upande wa chini, na mashine nzima inayafuata. Tangi likiwa limejaa, yanatulia. Likiwa nusu, yanachezacheza. Leo lilikuwa nusu. Gurudumu la juu lilipungua uzito chini yangu, nikalisikia hadi kwenye meno. Niligeuza nikapanda wima, nikasimama juu, nikazima mashine mahali ambapo Baba hanioni.

Jioni nilimwambia kwa adabu zangu zote kwamba mteremko ule unaniogopesha. Akajibu kuwa dereva wa zamani aliupita miaka sita. Sikumuuliza kwa nini basi aliondoka. Nilisema sawa Baba, nikaingia jikoni kupumua.

Jumapili, 17 Machi

Mume kapiga. Nimemweleza habari za mteremko. Amesema nivumilie, Baba anajua kazi. Halafu akaniuliza kama mama yake anapata dawa zake za presha. Anapata.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimegundua jambo ambalo laiti nisingeligundua.

Nilikuwa namwosha Ngamia baada ya kazi, nikasugua tope nyuma ya kiti, ikatokea picha ya onyo iliyobandikwa na waliomtengeneza. Nyuma ya kiti kuna bomba nene la chuma, tunaliita upinde. Kwenye picha ya kwanza upinde umesimama, mtu amefunga mkanda, mashine imepinduka na mtu ni mzima: upinde umebeba uzito wote, na mkanda umemweka ndani ya nafasi iliyobaki. Picha ya pili upinde umelazwa. Hapo mkanda umepigwa alama ya mkato mwekundu, na mteremko pia.

Upinde wa Ngamia umelala. Tangu siku ya kwanza niliyopanda umelala. Na mkanda ninaufunga kila siku, kwa amri. Maana yake, mashine ikipinduka, hakuna cha kuizuia, na mimi nimejifunga papo hapo inapoangukia. Ningekuwa sina upinde wala mkanda, huenda ningerushwa pembeni nikaokoka. Sisi tumechukua nusu ya usalama, na nusu hiyo ndiyo inayoua.

Nilimwendea fundi wa karakana, yule tunayemwita Spana. Hakushangaa. Alisema upinde haupiti mlango wa banda. Banda lilijengwa wakati wa mashine ya zamani iliyokuwa fupi. Ngamia alipoletwa, wakalaza upinde ili aingie kulala, na asubuhi nani ana muda wa kushuka, kuchomoa pini mbili zilizoshika kutu na kuusimamisha? Wakauacha.

"Si upanuliwe mlango?" nikauliza.

"Mlango ule alipima Bwana Majani mwenyewe Ngamia aliponunuliwa, akasema atapita," Spana akasema, akarudi chini ya trekta lake. "Kamwambie wewe. Wewe si mkwe?"

Jumatatu, 25 Machi

Sijamwambia.

Jumatano, 27 Machi

Sijamwambia. Nilifika hadi mlangoni na sahani yake ya chakula, nikaweka sahani, nikarudi. Mama aliniuliza kwa nini nimekunja uso. Nikasema jino.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemaliza ujinga kwa njia yangu. Nilitoka na Ngamia kabla ya wengine kufika, nikasimama nyuma ya mlundiko wa mchanga, nikazigonga zile pini kwa nyundo hadi zikatoka, nikausimamisha upinde na kuzirudisha. Ngamia amekuwa mrefu ghafla. Nimefanya kazi siku nzima mabega yameshuka mahali pake. Jioni niliulaza tena kabla ya banda, nikaingia kama kawaida. Hakuna aliyeuliza, na nitafanya hivi kila siku.

Jumatatu, 8 Aprili

Wiki yangu ya raha imekwisha. Mvua ilinikuta shimo la tisa, mvua ile ya kukupiga usoni, dawa yote inaoshwa, mimi nakimbilia banda kabla tope halijaninasa. Nikasahau. Upinde ulipiga boriti ya juu ya mlango, ukaipasua, nikasimama katikati ya mlango mbao na vumbi vikinimwagikia kichwani.

Baba alikuja na mwavuli. Aliitazama boriti kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Nikaona huu ndio wakati, nikamweleza yote, picha, mkanda, mteremko. Nimesema maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia tangu niolewe. Sikuinua macho, lakini nilisema.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mbele ya wote: "Mashine hii nimeishughulikia kabla hujaijua klabu hii. Umekuja na picha." Akachukua waya wa kufungia ua, akaulaza upinde, akaufunga kwenye fremu mizunguko mingi, akakaza kwa koleo. Alifunga vizuri, kama afanyavyo kila kitu.

Nyumbani Mama alinipakulia kidogo. Habari zilifika kabla yangu.

Jumanne, 9 Aprili

Nimenyunyizia. Nimefunga mkanda nyuma ya mgongo wangu na kuukalia, kwa mbali unaonekana umefungwa. Shimo la saba nimelipita kwa kupanda na kushuka wima, sikukata. Imechukua muda mara mbili na dawa imekwenda mistari mistari.

Alhamisi, 11 Aprili

Kama jana. Mvua usiku, jua kali mchana, majani yanatoa mvuke. Nimeota nimefungwa kwenye kiti cha jikoni.

Ijumaa, 12 Aprili

Ugonjwa wa kuvu umeingia shimo la saba. Madoa ya kahawia, makubwa, yanapanuka kila siku kwa joto hili la unyevu. Meneja wa klabu alikuja kuyatazama na viatu vyake vyeupe. Mashindano yako mwisho wa mwezi. Alimwambia Baba, kwa upole kabisa, kwamba kuna vijana wengi wamesomea nyasi siku hizi. Baba alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, kicheko cha kuomba.

Usiku huu nimewaza kwamba nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyebanwa. Nyumba si yake. Akiondolewa kazini, tunaondoka sote na masufuria yetu. Ule mlango ukivunjwa upanuliwe, itabidi mtu aulize nani alipima. Nimemwonea huruma, na huruma hiyo haijanisaidia kitu, kwa sababu kesho bado nitakalia mkanda.

Jumapili, 14 Aprili

Mume kapiga. Nikamwambia nataka kuacha kazi. Akasema, "Ukiacha, Baba atampata nani? Na mashindano haya?" Nikamwambia mtoto wake atampata mama yupi mwingine nikifia bwawani. Akasema nimeanza maneno makubwa. Zamani nilidhani ni mpole. Leo naona hataki tu kuchagua, na mahali alipo ni rahisi kutochagua.

Jumanne, 16 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi Baba alinitilia maji mwenyewe, nusu tangi, kwa sababu tope shimo la saba lisingebeba zaidi. Alisema leo nikate mteremko, mistari iliyonyooka, doa hadi doa. Majani yalikuwa yameloa. Nikamtazama Ngamia, upinde wake umefungwa waya, tangi nusu. Nikashuka.

Nilisema, "Baba, sipandi."

Wenzangu wote walianza kutafuta kitu cha kufanya kwingine. Baba akaniuliza kama nimesikia nilichosema. Nikamwambia nimesikia, na kwamba nitanyunyizia mteremko wote kwa bomba la mgongoni, kwa miguu, hata ikinichukua hadi kesho kutwa. Akasema hakuna kesho kutwa. Akaninyang'anya glavu mkononi na kupanda mwenyewe, mzee wa miaka sitini na kitu. Akafunga mkanda, akauvuta mara mbili ili niuone.

Nikamshika kiwiko. Sijawahi kumgusa kabla ya leo. Nikasema, "Basi fungua mkanda, Baba. Hilo tu. Fungua mkanda."

Aliwasha mashine, akaondoka.

Nilimfuata kwa miguu. Alipotea nyuma ya miti ya shimo la sita, nikasikia mashine ikipunguza mwendo, ikasimama kidogo, ikaendelea. Nilipotokea upande wa pili alikuwa tayari katikati ya mteremko, ameukata, mbawa zimekunjuliwa, mstari umenyooka kama alivyotaka. Aliendesha vizuri kuliko mimi. Kisha nikaona ubawa wa chini unagusa majani, ukachimba, tangi likaegemea, na Ngamia akapinduka taratibu, taratibu kiasi kwamba nilipata nafasi ya kusema "Baba" kwa sauti ya kawaida. Alibiringika mara moja na nusu, akatua kwenye maji ya pembeni mwa bwawa.

Kiti kilikuwa chini. Nilikimbia nikijua nitakachokikuta.

Baba alikuwa amelala juu ya mteremko, mbali na mashine, mguu umekunjika pasipotakiwa, uso mzima wa tope. Alikuwa akilaani kwa sauti. Sijawahi kusikia matusi matamu kama yale. Dawa ilikuwa imemrukia, nikamvua shati na kumwosha macho na kifua kwa maji safi ya kwenye dumu langu, sikungoja kuona kama inafaa mkwe kumvua baba mkwe shati. Spana na wenzake walikuja na ubao wa mlango wakambeba.

Nilipobaki peke yangu niliinama kutazama chini ya kiti. Mkanda ulikuwa umefunguliwa. Haukukatika, ulifunguliwa kwa kidole. Aliufungua pale nyuma ya miti, mahali ambapo hakuna aliyemwona akinisikia.

Jumatano, 17 Aprili

Mfupa wa paja umevunjika, na mbavu mbili. Macho ni mazima. Mama hajalala.

Ijumaa, 19 Aprili

Meneja amekwisha kuamua kosa. Amekwenda bwawani na watu wa bima, wameona mkanda haukufungwa, wameridhika. Msimamizi amevunja amri yake mwenyewe, kwa hiyo hatalipwa chochote na nafasi yake imekwisha. Kuhusu upinde hawakuuliza. Wamefikiri waya ule ulikuja na mashine.

Mama aliniita chumba cha mbele leo, akafunga mlango. Alisema kesho Meneja anakwenda hospitali kuchukua maelezo. Nikisema ukweli kuhusu mkanda, kwamba ndio ungemuua, ataondolewa lawama hiyo. Lakini watauliza nani aliufunga upinde.

"Sema ni wewe," Mama akasema. "Wewe bado kijana, utapata kazi pengine. Yeye atapata wapi?"

Hakuwa ananionea. Alikuwa analia. Nikamwambia nitafikiri. Nimekaa kitandani na binti yangu amelala mguu wake juu ya tumbo langu, na nimefikiri. Nikisema ni mimi, nafukuzwa, Baba anabaki msimamizi, nyumba inabaki, nami nabaki ndani yake kwa hisani ya mtu niliyesema uongo kwa ajili yake. Na atakayempanda Ngamia baada yangu atafungiwa waya ule ule. Nikisema ni yeye, sote tuko barabarani. Pande zote ukuta.

Jumamosi, 20 Aprili

Wodi ina vitanda kumi na viwili na feni moja. Meneja alisimama mguuni pa kitanda. Mama alikaa upande wa kichwa, macho yake juu yangu. Meneja akamuuliza Baba kwa nini hakufunga mkanda. Baba akatazama dari.

Nikasema, "Angeufunga, leo tungekuwa tunapokea rambirambi."

Nikaeleza. Nilieleza kama Baba alivyonifundisha kutia dawa, hatua kwa hatua, sikuruka. Upinde, mkanda, mlango, tangi nusu. Meneja akauliza swali lile lile nililokuwa nikilingoja: nani aliufunga?

Mama aliacha kupumua, nilimsikia. Nilikuwa na neno "mimi" mdomoni kabisa.

"Baba aliufunga," nikasema. "Na mimi nilipanda baada ya hapo, nikijua, kwa sababu nilimwogopa."

Mama alitoka nje. Baba bado alitazama dari. Kisha akasema, "Ni kweli. Mlango nilipima vibaya." Halafu akamwomba muuguzi maji.

Jumatatu, 6 Mei

Sikuandika siku nyingi. Mvua imepungua. Bima wamelipa matibabu, kwa kuwa sasa kosa ni la klabu nzima. Baba amestaafishwa. Mlango wa banda umepanuliwa, upinde umesimama na pini zimechomelewa. Mteremko wa shimo la saba unanyunyiziwa kwa miguu, nimekataa na hakuna aliyebisha. Mashindano yalifanyika, madoa yakiwepo, watu wakacheza.

Nyumba Meneja ameiandika kwa dereva wa mashine ya dawa, maana msimamizi mpya ana kwake. Dereva ni mimi. Mume wangu alipiga simu akafurahi sana, akasema unaona, yote yameisha vizuri. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Jumapili, 19 Mei

Mama amenisalimia leo. Ananipakulia kwanza, kabla ya Baba, nami naisogeza sahani kwa Baba.

Jumatatu, 20 Mei

Baba alikuwa barazani na magongo yake nilipotoka. Tangu arudi hospitali hatujasemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Leo aliniambia nikae. Nikakaa, kiti cha jirani na chake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kazi ile unaipenda?" akauliza.

Nikasema siipendi. Kichwa kinaniuma kwa harufu ya dawa, na nikimwona Ngamia asubuhi namwona amepinduka, hata upinde ukiwa umesimama. Sikuona sababu ya kumficha tena kitu.

Aliinamisha kichwa kukubali. Ndani, Mama alikuwa akimfunga binti yangu vifungo vya sare ya shule.

"Ukichoka kabisa utasema?"

"Nitasema, Baba."

"Ukisema, tunahama."

"Najua."

Akautazama mguu wake, akauweka sawa kwa mikono miwili. "Basi, mwanangu," akasema, "usiseme upesi."

Nikamwambia sitasema upesi. Nikavaa buti, nikashusha suruali juu yake, nikaenda kazini.